Yale maswali ya karatasi iliyokunjwa na kutobolewa: njia ya kuyafanya bila kubahatisha

#1 MwalimuMaumbo

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mitihani naona humu wazazi walioko Uingereza wakiulizia 11+, mtihani wa kuingilia grammar schools (sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani), na walioko Nairobi na Dar wakiulizia CAT4, jaribio la uwezo wa kufikiri ambalo shule nyingi za kimataifa huwapa watoto wanaoomba nafasi. Kwenye hesabu na Kiingereza mzazi anajua pa kuanzia. Kinachowatoa jasho ni maumbo, hasa hili la karatasi: mraba unakunjwa mara moja, mbili, wakati mwingine tatu, unatobolewa, halafu unaulizwa ukikunjuliwa utaonekanaje. Chini kuna majibu matano na ukiyatazama haraka yote yanaonekana sahihi.

CAT4 ina sehemu nzima ya maswali haya, inaitwa Figure Analysis: maswali 18, dakika 9. Nusu dakika kwa swali. Mtoto anayejaribu kuiona karatasi yote ikikunjuka kichwani kwa mkupuo mmoja hafiki mwisho, hata awe na kichwa kizuri namna gani.

Msimamo wangu, na nimefundisha watoto wa kutosha kuusimamia: hili swali halihitaji kipaji cha "kuona". Linahitaji utaratibu. Unarudi kinyumenyume, mkunjo wa mwisho ndio unaofunguliwa kwanza, na kila tundu linavuka mstari wa mkunjo kwenda ng'ambo, umbali uleule kutoka kwenye mstari. Hakuna zaidi ya hapo. Ugumu wote uliobaki ni wa kujua ni wakati gani tundu HALIVUKI, nitalifikia.

Chora mraba wa vyumba 16, nne kwa nne. Safu wima ziite A, B, C, D kutoka kushoto. Safu mlalo zipe namba 1 hadi 4 kutoka juu. A1 ni kona ya juu kushoto, D4 ni kona ya chini kulia.

Swali: nusu ya kushoto inakunjwa kuja juu ya nusu ya kulia. Kisha nusu ya juu inashushwa juu ya nusu ya chini. Imebaki robo ya chini kulia, vyumba C3, C4, D3 na D4. Linatobolewa tundu moja kwenye D3.

Hapa watoto wengi wanakimbilia jibu lenye matundu manne konani, au manne yaliyojikusanya katikati, kwa sababu ndiyo picha wanazozizoea. Tufuate utaratibu. Mkunjo wa mwisho ni wa juu kuja chini, mstari wake uko kati ya 2 na 3. D3 inagusana na mstari huo, kwa hiyo pacha wake naye lazima agusane nao: D2. Sasa una nusu ya kulia yenye D2 na D3. Fungua mkunjo wa kwanza, mstari wake uko kati ya B na C. D haigusani na mstari, imeachana nao kwa chumba kimoja. Pacha wake ng'ambo ni A. Unapata A2 na A3.

```
    A  B  C  D
1   .  .  .  .
2   o  .  .  o
3   o  .  .  o
4   .  .  .  .
```

Hakuna tundu konani, hakuna katikati. Yako ubavuni.

Kabla hata hujaanza kukunjua, hesabu matabaka mahali lilipotobolewa. Pale D3 palikuwa na matabaka manne, basi matundu ni manne. Jibu lenye mawili, matatu au matano lifute palepale. Mara nyingi hesabu hiyo peke yake inakuachia majibu mawili ya kuchagua.

Mtego unaopendwa na watunzi ni mkunjo usiofika nusu. Mfano: safu A peke yake inakunjwa juu ya B. Halafu safu ya 4 inapandishwa juu ya 3. Panatobolewa B3 na C1. B3 ina matabaka manne: B3 yenyewe, A3, B4 na A4. C1 haikufunikwa na kitu, ni tabaka moja. Jumla matundu matano. Mtoto aliyekaririshwa kwamba "mikunjo miwili ni mara nne" atatafuta jibu lenye manane na hatalikuta, au vibaya zaidi, atalikuta, maana mtunzi alimtegea.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 mamaWawili

Mwalimu asante sana. Wangu yuko Year 5, Septemba atakayoingia Year 6 ndiyo anafanya mtihani. Mikunjo ya kusimama na ya kulala hana shida nayo. Ikija ile ya mshazari, kona kwa kona, anapotea kabisa na mimi mama yake napotea naye. Namsaidiaje?

---

#3 Bwana_Mkavu

Wakuu mnajisumbua. Hizi ni IQ, ama unazo ama huna. Mnawakaririsha watoto, wakifika huko shuleni wanaumbuka.

---

#4 MwalimuMaumbo

@mamaWawili dada, la mshazari linawashinda wengi kwa sababu moja: kwenye mikunjo mingine matundu yaliyosimama hubaki yamesimama, lakini hapa yaliyosimama yanalala. Macho hayalitegemei hilo.

Chukua kona ya juu kushoto, A1, uilaze juu ya kona ya chini kulia, D4. Mstari wa mkunjo unatoka kona ya chini kushoto kwenda kona ya juu kulia. Imebaki pembetatu ya chini kulia. Toboa D2 na D3, moja juu ya jingine.

Usijaribu kupima umbali kwa mshazari, utachanganyikiwa. Hesabu hatua kutoka kwenye kona ambayo mkunjo unapita. Hapa ni D1. D2 iko hatua moja chini ya D1, basi pacha wake yuko hatua moja kushoto kwa D1, yaani C1. D3 iko hatua mbili chini, pacha wake hatua mbili kushoto: B1. Jibu ni hili:

```
    A  B  C  D
1   .  o  o  .
2   .  .  .  o
3   .  .  .  o
4   .  .  .  .
```

Mawili ya kusimama upande wa kulia, mawili ya kulala juu. Kati ya majibu matano hakosekani mmoja mwenye mawili ya kusimama kulia na mawili ya kusimama kushoto. Huo ndio mtego.

Njia nyingine, kama mtihani ni wa karatasi: mwambie akizungushe kijitabu mpaka mstari wa mkunjo usimame wima mbele yake. Swali linageuka kuwa la kawaida. Watoto huwa wanadhani hawaruhusiwi kukizungusha. Nani kawakataza?

---

#5 msomi_wa_usiku

@Bwana_Mkavu umesema nusu. Ni kweli maswali haya yalianzia kwa watafiti wa saikolojia waliotaka kupima uwezo wa kuzungusha na kubadili vitu kichwani. Kuna seti maarufu ya ETS, taasisi ya mitihani ya Marekani, ya mwaka 1976 ambayo ndani yake mna jaribio la kukunja karatasi: maswali 20, yamegawanywa kumi kumi, kila kumi kwa dakika tatu. Piga hesabu, ni sekunde 18 kwa swali. Hadi leo watafiti wanalitumia.

Lakini jaribio likishatoka maabara likawa mlango wa kuingilia shule, watu watafanya mazoezi. Na mazoezi yanasaidia kwa sababu mtu anaacha kubahatisha anaanza kufuata hatua. Wewe ukipewa leo bila kuelekezwa utafanya vibaya kuliko mtoto wa miaka kumi aliyeelekezwa, na haimaanishi ana akili kukushinda.

---

#6 Bwana_Mkavu

Sawa, lakini sasa kinapimwa nini hapo? Akili ya mtoto au mfuko wa mzazi anayeweza kulipa tuisheni?

---

#7 MwalimuMaumbo

Hapo @Bwana_Mkavu sina ubishi na wewe. England imebakiwa na grammar schools 163 tu, nafasi chache, wazazi wanagombania, na mwenye hela ya mwalimu anatangulia. Ndiyo maana naandika bure humu.

Ila nitenganishe mambo mawili. 11+ ni mashindano, jitayarishe. CAT4 ni kitu kingine: shule inaitumia pia kujua mtoto ana nguvu wapi, maumbo, maneno au namba, ili walimu wajue pa kumshika. Huko mzoeshe tu aina ya maswali asije akashtuka. Ukimpigisha msasa hadi apate alama zisizo zake, utawapa walimu picha ya uongo, na atakayeteseka ni yeye darasani.

---

#8 jino_la_hekima

Wakuu, hata watu wazima tunakutana nayo. Mimi niko Marekani najiandaa na DAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno. Una sehemu inaitwa PAT, maswali 90 kwa dakika 60, aina sita za maswali, kila aina 15. Mojawapo ni kutoboa karatasi. Mantiki yao ni kwamba daktari wa meno anafanya kazi kwenye kinywa anachokiona kwa kioo, lazima aweze kugeuza vitu kichwani.

Njia ya vyumba 16 ndiyo tunayotumia wengi. Nachora mraba, naweka alama kwenye tundu, narudi nyuma mkunjo kwa mkunjo. Kule sheria ni nyepesi kidogo: karatasi haizungushwi, haigeuzwi, na ikikunjwa haitoki nje ya mipaka ya mraba wa mwanzo. Nikizoea, hizi 15 nazimaliza haraka ili muda niuhamishie kwenye maswali ya kulinganisha ukubwa wa pembe, ambayo yananitesa. Kati ya aina zote sita, hii ndiyo yenye uhakika: ukifuata hatua unapata, haina "naona kama hii ni kubwa kidogo".

---

#9 FundiWaKariakoo

Nimepita tu, sina mtoto wa kupeleka Ulaya 😂 lakini mnachokisema ni kazi yangu ya kila siku. Shingo ya gauni naikata kitambaa kikiwa kimekunjwa. Nachora nusu ya shingo kwenye mkunjo, nakata, nikikunjua imetoka shingo nzima na pande zote sawa. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa alichora shingo nzima kwenye kitambaa kilichokunjwa. Mteja angeweza kupitisha mabega mawili mle.

---

#10 MwalimuMaumbo

@FundiWaKariakoo kaka umenifungulia mlango wa sehemu ya pili, ya kukata kwa mkasi. Kanuni ni hiyohiyo: kitu kilichokatwa kikiwa kimegusa mkunjo kinaungana na pacha wake na kuwa umbo moja. Nusu duara kwenye mkunjo inatoa duara. Pembetatu iliyolaza kitako chake kwenye mkunjo inatoa almasi. Umbo likikatwa mbali na mkunjo, hata kwa milimita mbili, yanatoka mawili yaliyotengana. Kwa hiyo jicho la kwanza liende kwenye mpasuo: umegusa mkunjo au umegusa ukingo ulio wazi?

Turudi kwenye robo yetu ya chini kulia, karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ina kona nne na kila moja ukiikata inatoa kitu tofauti kabisa. Chukueni karatasi mjaribu, hii ndiyo sehemu pekee ninayosisitiza mkasi.

Kona ya juu kushoto ya robo hiyo ndiyo kitovu cha karatasi nzima. Ukiinyofoa unapata almasi moja katikati, shimo moja tu, ingawa umekata matabaka manne. Kona ya chini kulia haina mkunjo hata mmoja, pale zimekutana kona zote nne za mraba. Ukiikata, mraba wote unakosa kona. Zimebaki mbili zenye mkunjo upande mmoja na uwazi upande mwingine. Ya juu kulia inatoa mapengo mawili ya V, moja katikati ya ubavu wa kulia na jingine katikati ya ubavu wa kushoto. Ya chini kushoto inatoa V juu na V chini.

Mtoto akishaelewa kona hizo nne, nusu ya maswali ya mkasi anayajibu bila kuchora chochote.

Jambo jingine: tundu likiwa na umbo lenye uelekeo, tuseme pembetatu inayoelekeza ncha kulia. Ikivuka mkunjo wa kusimama, ncha inageukia kushoto. Ikivuka mkunjo wa kulala, ncha inabaki kulia. Matundu ya duara yanaficha hili, ndiyo maana watunzi wanapotaka kukaza swali huacha duara.

---

#11 BabaShani_254

Mwalimu, shukrani. Wangu ataifanya CAT4 hapa Nairobi, kwa kompyuta. Hawezi kuzungusha kijitabu na hawezi kuchora juu ya picha. Afanyeje?

---

#12 MwalimuMaumbo

@BabaShani_254 ndugu yangu, kwa kompyuta kazi inafanywa na macho, lakini asifuatilie matundu yote. Achague tundu moja, lile lililo mbali zaidi na mikunjo, alirudishe hatua kwa hatua, kisha ayapitie majibu akiuliza: tundu hili lipo hapa? Halipo, futa. Kwa kawaida matabaka yakishahesabiwa na tundu moja likafuatiliwa, jibu linabaki moja, mengine yote hana haja ya kuyatafuta.

Nyumbani mazoezi yaanze na karatasi halisi na panchi, akunje, atabiri, atoboe, akunjue. Baadaye mnyang'anye panchi. Mwisho mnyang'anye na penseli. Wazazi wengi wanaanzia mwisho, mtoto anaambiwa "hebu fikiria" na hana cha kufikiria nacho.

Ukikosa vitabu, tafuta maswali ya India. Mtihani wa Navodaya, shule za bweni za serikali ya huko, wa kuingilia darasa la sita una sehemu ya matundu na kukunjua, na maswali yake yamejaa mtandaoni. Ni picha tupu, lugha haisumbui.

Sasa nawapa moja. Safu A inakunjwa juu ya B. Kisha hiyo B, ikiwa imebeba A, inakunjwa juu ya C. Panatobolewa C2 na D4. Matundu mangapi, na wapi?

---

#13 mamaWawili

Nimekaa na mtoto. Yeye kapata C2, B2, A2 na D4. Mimi nimepata la tano, lakini limeangukia nje ya karatasi upande wa kushoto 😅 Nani kakosea?

---

#14 Bwana_Mkavu

Mama kakosea. Karatasi haina matundu hewani.

---

#15 MwalimuMaumbo

Mtoto yuko sahihi, manne. Na lile la nje ya karatasi ni zuri sana dada, kwa sababu linaonyesha hasa lile nililoahidi mwanzo, wakati gani tundu halivuki.

Tufungue. Mkunjo wa mwisho ulikuwa kati ya B na C. C2 inavuka, inatoa B2. D4 haikufunikwa na mkunjo huo, inabaki peke yake. Sasa mkunjo wa kwanza, kati ya A na B. Uliifunika B tu. Kwa hiyo B2 inavuka inatoa A2. C2 ilikuwa haihusiki na mkunjo huo, A haikuifikia C wakati ule. Ukiivusha nayo, inaruka hadi nje ya ubavu wa kushoto.

Kila unapofungua mkunjo, jiulize: kipande kilichokunjwa hapa kililala juu ya sehemu ipi? Tundu lililo ndani ya sehemu hiyo linavuka. Lililo nje halivuki. Kwenye mikunjo ya nusu kwa nusu swali hili halijitokezi maana kipande kinafunika kila kitu, na ndiyo maana mtu anaweza kupata maswali rahisi yote kisha akaanguka ghafla kwenye magumu.

La mwisho, nalo ni gumu kweli. Kona A1 inalazwa juu ya D4, kama pale juu. Imebaki pembetatu ya chini kulia. Kisha ncha ya juu ya pembetatu hiyo, iliyoko kona ya juu kulia, inashushwa hadi kona ya chini kulia. Mstari wa mkunjo huu wa pili uko kati ya 2 na 3. Panatobolewa D3 na C4.

---

#16 jino_la_hekima

Ncha iliyoshuka inafunika eneo la kulia tu, kuanzia katikati ya karatasi hadi kona ya D4. D3 iko ndani yake, C4 iko nje.

Mkunjo wa mwisho: D3 inatoa D2. C4 haivuki.

Mkunjo wa kwanza umefunika pembetatu yote, zote tatu zinavuka. D2 inatoa C1, D3 inatoa B1. C4 iko hatua mbili kulia kwa kona A4, basi pacha yuko hatua mbili juu yake, A2.

```
    A  B  C  D
1   .  o  o  .
2   o  .  .  o
3   .  .  .  o
4   .  .  o  .
```

Sita.

---

#17 MwalimuMaumbo

Sita, na kila moja mahali pake. @mamaWawili mpe mtoto hii kesho akiwa hajachoka, usimwonyeshe jibu la jino_la_hekima. Maswali ya mchemraba unaokunjuliwa nitayafungulia uzi wake, yana mambo mengi.